Alama Tatu Zilizopika Mayai ya Sapiwi

Wasifu wa marehemu uliosomwa makaburini ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu mwaka ule: kwamba aliwahi kutengeneza mashine ya kutotoa vifaranga kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa Sapiwi. Aliyesoma ni mpwa wake, na alisoma vizuri, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu nyuma. Alipomaliza, mwongoza ratiba akauliza kama yupo aliyefanya kazi na Fundi Nkwabi ambaye angependa kuongeza neno. Watu wakanigeukia. Nilipiga hatua mbili, nikauona ule udongo mweusi uliorundikwa pembeni ya kaburi, nikarudi mahali pangu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, lilikuwa na kosa ndani yake, na makaburini watu hawataki kusikia makosa. Sasa ni wiki ya tatu. Wageni wameondoka Bariadi, mimi nimefungua karakana na kuifunga tena kwa sababu sikuweza kufanya kazi, nikachukua daftari. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kunipeleka popote, na nilishakaa nyumbani muda wa kutosha kwa watu kuacha kuniuliza nina mpango gani. Fundi Nkwabi alinipokea kwa sababu nilimpelekea redio nikamwambia kwamba niliifungua mwenyewe, nikashindwa kuirudisha, na kwamba kuna kijiti kimoja kilibaki mkononi sijui kilitoka wapi. Alisema wateja wote huwa wanafungua wenyewe, ila mimi ni wa kwanza kukiri. Kesho yake nilianza kazi.

Karakana ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maduka ya pembejeo. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja: benchi, kaunta ya mbao, na redio, pasi na televisheni zilizopangwa mpaka dari. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu. Kulikuwa na meza ndefu iliyoungua kila mahali, harufu ya risasi ya kulehemu isiyotoka hata ukifungua dirisha, na kompyuta moja ambayo Fundi alipewa na mtu aliyekuwa anahama. Mchana tulisukuma nyaya pembeni tukala palepale: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga siku za haraka, ugali na dagaa wa Lamadi siku za kawaida. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo tulikula huku tukiwasikiliza wateja waliosubiri mbele, wasiojua kwamba tunawasikia. Hapo ndipo nilipojifunza watu wanamsema vipi fundi asipokuwepo. Wengi walimsema kwamba ni mzuri ila ana mambo mengi.

Hayo mambo mengi lazima niyaeleze, maana kila kitu kilitoka huko. Kwa Fundi Nkwabi hukuruhusiwa kusema "nadhani" kwa mdomo. Kama unadhani, andika. Kila kifaa kilibandikwa kipande cha karatasi ya gundi, na ukikisia kwamba kosa liko mahali fulani unaandika mahali hapo kisha unaweka alama mbili za kuuliza. Nilimuuliza kwa nini mbili. Akasema ya kwanza ni ya kuuliza, ya pili ni ya kukiri kwamba hujui. Kisha mtu mwingine, si wewe, anakagua kwa mikono yake mwenyewe, na akiridhika anaweka mkwaju, yaani ule mstari unaoinama, mara tu baada ya maswali yako mawili. Hakuna aliyeruhusiwa kuupigia mkwaju wasiwasi wake mwenyewe. Kifaa chenye maswali yasiyo na mkwaju hakikutoka mlangoni hata mwenyewe akisimama pale akatutukana. Mchungaji mmoja aliyesubiri redio yake siku tatu aliuliza kama hizo alama zinasoma taarifa ya habari. Fundi alimjibu kwamba hazisomi, ila redio yenyewe itasoma, na itaendelea kusoma mwakani.

Pamoja na ile kompyuta alikuwa amepewa kitabu kinene kisicho na jalada, cha lugha ya C, ambayo ndiyo lugha ya kuandikia maagizo ya zile chipu ndogo zinazoendesha vifaa. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini alipoanza kukisoma. Alinifundisha ukurasa mmoja mbele ya ule niliofikia mimi, na baada ya miezi michache tukawa sawa, na baadaye, nalisema bila kujisifu, nikampita kidogo. Kompyuta ilikuwa na vitufe viwili vilivyokufa, vilivyokuwa pembeni ya herufi P, na kwa bahati mbaya ndivyo vyenye mabano ya mraba na yale mabano yenye kiuno ambayo lugha ya C haiwezi kwenda bila hayo. Kila tulipoyahitaji tulifungua faili la zamani, tukanakili bano, tukarudi kulibandika. Programu ya mistari arobaini ilituchukua mchana mzima. Ndani ya programu hizo tuliandika pia maelezo yetu kwa Kiswahili. Unaanza na mikwaju miwili, na kuanzia hapo mashine inaruka kila kitu mpaka mwisho wa mstari. Ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Humo Fundi alitaka tufuate utaratibu uleule wa karakana, maswali mawili kwa anayeshuku na mkwaju kwa aliyekagua.

Mayu Ng'washi alikuja kabla ya mvua za vuli. "Mayu" ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliitwa hivyo na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na tisa wa Sapiwi, wafugaji wa kuku wa kienyeji. Alikaa kwenye benchi ya mbele akaeleza kwa utaratibu kwamba kuku akilalia mayai wiki tatu kisha akatembea na vifaranga miezi miwili, mwewe na nguchiro wanakula karibu wote, na muda wote huo kuku hatagi. Kwenye maonyesho ya wakulima aliona mashine inayolalia mayai yenyewe. Aliuliza kama fundi anaweza kuitengeneza. Fundi akasema hajawahi, ila anaweza kujaribu. Mama akasema wao wana mayai ya mara moja kwa msimu, hawana ya kujaribia. Fundi akasema basi ataweza.

Tulichukua friji lililokufa, kwa sababu friji linatunza joto kama linavyotunza baridi. Ndani tuliweka taa nne, feni ndogo, trei za mbao na kipimajoto kilichounganishwa na chipu. Programu niliiandika mimi. Ilikuwa fupi: joto likishuka chini ya thelathini na saba washa taa, likizidi thelathini na nane zima. Mayai yangegeuzwa kwa mkono. Ile thelathini na nane sikuwa na uhakika nayo, niliitoa kwenye kipeperushi cha kuku wa kisasa, kwa hiyo juu ya mstari wa kuzima niliandika maelezo: taa zizime joto likizidi 38, nikaweka maswali yangu mawili. Tukaiwasha siku mbili mfululizo na chupa za maji badala ya mayai. Taa ziliwaka na kuzima, zikawaka na kuzima, vizuri kabisa. Fundi alikaa na kiti chake mbele ya friji tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana akiandika joto kwa kipimajoto cha kioo. Aliporidhika alikuja kwenye kompyuta, akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza mkwaju mmoja baada ya maswali yangu. Kisha, kwa kuwa sheria yake ilikuwa kwamba kilichomo kwenye kifaa lazima kitoke kwenye maandishi yaliyokaguliwa, akaniambia niingize programu upya kwenye chipu. Nikaingiza. Hatukusubiri kuona taa zikizima. Kulikuwa na haja gani? Kilichobadilika kilikuwa alama moja kwenye maneno ambayo mashine haiyasomi.

Tulifika Sapiwi na friji kwenye pikapu kesho yake. Umeme ulikuwa umefika kwenye nyumba chache za barabarani, ya Mayu Ng'washi ikiwemo, na alikuwa ametoa mahindi yote kwenye stoo yake ili mashine ikae. Akina mama walikuja mmoja mmoja na mayai kwenye vikapu vyenye pumba, mia moja na ishirini kwa jumla. Kila mmoja alikuwa amemnyang'anya kuku wake. Tuliyapanga, tukawasha, tukala wali na maziwa ya mgando, na tulipoondoka mchana joto lilikuwa thelathini na tano na linapanda polepole kama tulivyotarajia.

Asubuhi simu ililia kabla hatujafungua karakana. Mayu Ng'washi alisema maneno mawili: "Mashine inanukia." Tulipofika akina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka nje ya stoo, kumi na wanane au wote, sikuweza kuhesabu kwa sababu sikuweza kuwatazama. Hakuna aliyepiga kelele. Mayu Ng'washi alimkaribisha Fundi kwenye kiti, akaingia ndani, akatoka na sahani. Juu yake kulikuwa na yai moja lililomenywa, jeupe, na chumvi kidogo pembeni.

"Karibu, Fundi," alisema. "Umetupikia."

Mwanamke mmoja alicheka kisha akajizuia. Fundi Nkwabi alilitazama lile yai. Nilidhani atasimama aondoke, na nisingemlaumu. Alinawa mikono, akalichovya kwenye chumvi, akalila lote, taratibu, mbele yao. Kisha akasema kwamba kosa limetoka mikononi mwetu, na kwamba halijajulikana ni lipi. Akilijua atarudi kuwaambia, hata kama ni la aibu.

"Mkilijua, njooni," alijibu Mayu Ng'washi. "Msipolijua, msije."

Nimefikiri mara nyingi kuhusu kauli hiyo. Kwao ilikuwa ni msimu mzima wa vifaranga. Kwa Fundi lilikuwa ni jina, na kwenye mji kama Bariadi jina la fundi linafika mahali kabla yake. Kwangu kulikuwa na jambo dogo zaidi ambalo sikumwambia mtu. Ile programu ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoaminiwa kuifanya peke yangu, na kama ningeshindwa kujua nilikosea wapi, nilikuwa narudi nyumbani, na safari hii nisingetoka tena.

Friji lilirudi kwenye chumba cha nyuma. Taa ziliwaka na hazikuzima. Fundi akabadilisha rilei, kile kiswichi kinachowasha taa. Hazikuzima. Akabadilisha kipimajoto, akabadilisha nyaya, akabadilisha chipu yenyewe. Siku nne zilipita hivyo, na nyuma ya ukuta tulisikia wateja wakisimuliana kwamba kuna fundi amechemsha mayai ya Sapiwi, na mmoja akauliza kama anachemsha na viazi. Tulitafuna michembe bila kutazamana. Nilipothubutu kusema tuangalie programu, alinijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwamba programu aliikagua mwenyewe na kuipigia mkwaju mwenyewe, na kwamba kilichokaguliwa hakikaguliwi tena, la sivyo utaratibu wote hauna maana.

Siku ya tano alikwenda kutafuta rilei nyingine. Nilikuwa na nakala ya programu kwenye kidiski changu, ya siku ya majaribio ya chupa. Niliiingiza kwenye chipu, nikachovya kipimajoto kwenye kikombe changu cha chai ya moto. Taa zikazima. Niliogopa kufurahi. Nikaingiza ile mpya, nikachovya. Taa zikaendelea kuwaka. Nikarudia mpaka chai ikapoa, nikachemsha nyingine. Kisha nikaziweka programu mbili pamoja, nikafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Zilikuwa zilezile. Zilitofautiana alama moja tu, na alama hiyo ilikuwa mkwaju wa Fundi.

Hapa nataka kuwa mkweli, maana ndiyo sababu ya kuandika. Kuufuta ule mkwaju kimyakimya kungenichukua sekunde moja. Angerudi na rilei yake mpya, angeifunga, taa zingezima, angeamini ni rilei, na sote tungekula chakula cha mchana kwa amani. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Si heshima peke yake iliyonishika. Nilimwonea huruma. Alishalila yai lao mbele ya watu. Nilifikiri inatosha. Kisha nikakumbuka alichowaahidi akina mama, nikaondoa kidole.

Aliporudi nilisimama.

"Fundi, kosa nimelipata. Liko kwenye programu."

"Programu nimeikagua, Holo."

"Ndiyo. Liliingia ulipoikagua."

Aliweka rilei mezani. "Sema tena."

Nilisema tena. Hakubishana. Alivuta kiti, akaweka mkwaju, akaingiza, akachovya kipimajoto kwenye chai; taa zikawaka. Akaufuta, akaingiza, akachovya, zikazima. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea, kwamba siku zote hizi mashine ilikuwa inatusikiliza tukiongea. Akanitazama na kuniuliza kwa nini sikufuta tu. Nikamwambia nilitaka kufuta. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi lete kitabu."

Maelezo yalikuwa kurasa za mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne na kamusi iliyochanika yalinichukua siku mbili. Zamani, kwenye nchi nyingine, kulikuwa na kompyuta ambazo vitufe vyake havikuwa na baadhi ya alama za lugha ya C. Wenye lugha wakatunga vibadala tisa vya alama tatutatu, vyote vikianza na maswali mawili, wakiamini hakuna mtu mwenye akili atakayeandika maswali mawili mfululizo bila kukusudia. Hawakumjua Fundi Nkwabi. Maswali mawili na mkwaju vilikuwa kibadala cha mkwaju unaoinamia nyuma, na huo ukikaa mwishoni mwa mstari, maana yake ni kwamba mstari haujaisha, unaendelea chini. Kwa hiyo maelezo yangu yaliendelea chini. Yaliumeza mstari uliofuata, ule wa kuzima taa, ukawa nao ni maneno ya binadamu ambayo mashine inayaruka. Ile programu inayotafsiri maandishi yetu haikutuonya, kwa sababu kumbe onyo ni lazima uliombe, nasi hatukujua kuliomba. Na kama tungekuwa wazembe, kama tungeandika bila kushuku au tungekagua bila kutia alama, mayai yangepona. Swali peke yake lisingedhuru, na mkwaju peke yake usingedhuru. Ilihitajika mimi nishuku kwa uaminifu na yeye akague kwa uaminifu, tukutane mwishoni mwa mstari mmoja.

Fundi aliusoma ule ukurasa akiwa amesimama. Kisha akaanza kushuka na kidole kwenye ile orodha ya vibadala tisa, akafika katikati, akasimama. Maswali mawili na bano la kawaida ni bano la mraba. Maswali mawili na ile alama ya mdomo wa ndege ni bano lenye kiuno. Alinigeukia, akavitazama vile vitufe viwili vilivyokufa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa mbele akauliza kama kuna usalama. Mchana huo niliandika programu yote upya bila kunakili bano hata moja. Zile alama zilizotuaibisha Sapiwi zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya watu wenye kompyuta kama yetu. Nimeandika programu nyingi tangu hapo, lakini sijawahi kuandika nyingine huku fundi wangu akinisomea alama kwa sauti kama anaita majina ya ng'ombe wake.

Utaratibu wa karakana ulibadilika kidogo. Kwenye karatasi mkwaju ulibaki. Kwenye kompyuta tukaandika neno "sawa" na jina la aliyekagua. Na aliongeza sheria moja iliyobaki mpaka mwisho wa maisha yake: ukishakagua, washa tena uone.

Tulirudi Sapiwi bila friji. Fundi aliwaeleza kila kitu, kwa Kisukuma, akichora zile alama tatu kwenye udongo kwa kijiti. Nilimsikia akisema maswali yalikuwa ya Holo na mkwaju ulikuwa wake. Nikaingilia, nikasema mstari ulikuwa wangu wote. Akina mama wakatusikiliza tukigombania kosa.

"Kwa hiyo nyie mkikagua ndipo mnaharibu," alisema Mayu Ng'washi.

Fundi akasema ndiyo, mara hii ndivyo ilivyokuwa.

"Na safari hii mtakagua?"

"Tutakagua, kisha tutaikagua ilivyo baada ya kukaguliwa."

Walijadiliana pembeni muda mrefu. Mmoja alikataa waziwazi, akasema kuku wake hana mayai ya masomo ya watu. Mwisho wakatoa sitini, waliyokuwa wameyaweka ya kuuza, na sharti moja: mimi nikae palepale, stoo, siku zote ishirini na moja.

Nilikaa. Chumba kilikuwa na mashine, mkeka wangu, na jembe la ng'ombe lililoegemea ukutani. Niligeuza mayai mara tatu kwa siku, nikaandika joto kila saa ya mchana. Siku za mwanzo nililetewa chakula mlangoni: ugali wa mtama, mlenda, maziwa. Waliniita Mpishi. "Mpishi ameamka?" "Mpeni Mpishi maji." Walikuwa wakimenya karanga nje ya ukuta, nami nikawasikia wakisema kwamba binti ni mpole lakini hata moto ni mpole ukiwa mdogo. Mwingine akasema angalau huyu anakaa, wataalamu wengine huwa wanaacha namba ya simu. Siku ya saba tulifunga dirisha tukapitisha tochi nyuma ya yai moja. Ndani kulikuwa na mishipa myekundu kama mizizi, na katikati nukta nyeusi iliyotikisika. Mayu Ng'washi alinipokonya tochi. Alitazama yai la pili, la tatu, la kumi. Jioni ile sikuletewa chakula mlangoni. Niliitwa jikoni nikala nao, nikapewa kigoda karibu na moto, na mama yule aliyekataa kutoa mayai akanisogezea bakuli la mlenda.

Niseme jambo moja la sasa. Mwaka jana kijana mmoja aliyesomea mambo haya alinieleza kwamba kwenye toleo jipya la lugha ya C vile vibadala tisa vimeondolewa, kwa sababu viliwadhuru watu kuliko vilivyowasaidia. Nilimpelekea Fundi habari hiyo. Alikuwa tayari hatoki kitandani. Akauliza sasa wenye vitufe vibovu watafanyaje. Nikamwambia watanunua kompyuta. Akasema, "Haya," akageukia ukutani, na nikajua ameumia kidogo, kama mtu aliyesikia jirani mgomvi amehama.

Siku ya ishirini na moja, jua likiwa limeshachomoza, nilisikia mlio kutoka ndani ya friji. Sikufungua. Niliweka sikio kwenye mlango, nikasikia mwingine, kisha mingi. Nikatoka nje nikamkuta Mayu Ng'washi anafagia, nikamwonyesha stoo kwa mkono. Fagio lilianguka. Kufikia saa nne vifaranga vilikuwa vinapandiana kwenye trei, vyenye unyevu, vyenye hasira, na uwanja wote ulikuwa umejaa vigelegele. Fundi Nkwabi alifika kwa pikipiki akiwa na shati la kanisani. Mayai yalikuwa sitini. Vifaranga vilikuwa hamsini na vitatu. Mayu Ng'washi alivihesabu mwenyewe mara mbili, na mara ya pili alikuwa anahesabu kwa kuimba. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniita "ng'wanone", mwanangu, na mimi niliyekuwa sijalia hata siku ya mayai yaliyoiva nikalia mbele ya watu wote. Fundi alisimama mlangoni mwa stoo, amekunja mikono, akitabasamu kama mtu aliyepewa nchi.

Mchana, watu wakiwa bado wanakula, alikuja mwanamke tusiyemjua. Alitoka kijiji cha Migato, alikuwa na kapu begani, na mavumbi yalimfika magotini. Hakukaa. Alisalimia, akatutazama mimi na Fundi, kisha akamuuliza Mayu Ng'washi, sisi tukisikia, kama ni kweli kwamba hawa ndio waliowahi kuchemsha mayai ya kikundi.

"Ni haohao," alisema Mayu Ng'washi. "Na walikuja kusema wenyewe."

Yule mama alifikiri. Kisha akatua kapu, akapiga magoti kando yake, akafunua pumba, akaanza kunipa mayai, moja baada ya jingine, na mimi nikayapokea.